Sabuni Zilizolowa na Jibu la Milioni Thelathini na Tano

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na karibu zote zinazungumzia jambo moja: watoto wa shule ya msingi ambao wamelihifadhi jedwali la kuzidisha bila shida, lakini hesabu ikija imevikwa maneno, tena yenye hatua mbili au tatu, wanapotea njia. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu yaliyomo ndani yake yanagusa hata barua ambazo sikupata nafasi ya kuzichapisha.

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Kadutu. Binti yangu yuko mwaka wa nne wa shule ya msingi. Ukimwuliza nane mara saba, anakujibu kabla hujafunga mdomo. Juma lililopita, hata hivyo, alirudi na daftari lililojaa wino mwekundu. Hesabu ilikuwa hii: mfanyabiashara amepokea katoni 24 za sabuni kwa mashua iliyotoka Goma. Kila katoni ina pakiti 6, na kila pakiti ina vipande 10. Vipande 35 vililowa maji vikatupwa. Vilivyobaki aliviuza vyote kwa faranga 700 kila kimoja. Je, alipata faranga ngapi? Binti yangu aliandika 35,280,000. Nilipomwambia arudie, akaandika 1,007,965. Nilimkemea, akalia, nami nikabaki nikijiuliza kama kosa ni lake au ni langu. Nimsaidieje bila kumfanyia kazi yake?

JIBU: Mama, asante kwa kuyaandika majibu yake yote mawili, maana wazazi wengi hutuandikia tu kwamba mtoto hajui hesabu, na kwa maneno hayo hatuwezi kuona alipojikwaa. Nimeyapiga mahesabu ya binti yako upya. Alichukua 24, 6, 10, 700 na 35, akazizidisha zote tano, na katika kuzidisha huko hakukosea hata tarakimu moja. Hiyo si kazi ndogo kwa mtoto wa mwaka wa nne. Tatizo ni kwamba, kwa jibu lake, sabuni zilizolowa ndizo zilizomtajirisha mfanyabiashara: kama zote zingefika salama angepata 1,008,000, lakini kwa kuwa 35 zimeharibika amepata mara thelathini na tano zaidi. Ningekuwa mimi mwenye duka, ningeomba katoni zote ziangukie ziwani.

Jibu la pili linanifurahisha zaidi kuliko la kwanza, ingawa nalo si sahihi. Hapo alikwisha kutambua kwamba vilivyolowa vinapaswa kutolewa, si kuzidishwa. Alichukua 1,008,000 akatoa 35. Lakini ile 1,008,000 ni faranga, na 35 ni sabuni. Ametoa sabuni ndani ya pesa. Akili yake ilifika mahali pazuri, ila namba alizozishika hazikuwa na majina, na namba isiyo na jina mtoto huitupa popote penye nafasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ufanye naye halina uhusiano wowote na jedwali la kuzidisha. Mwambie asome hesabu kwa sauti, taratibu, na kila anapokutana na namba asimame aseme inahesabu nini. Ishirini na nne: katoni. Sita: pakiti, lakini si pakiti tu, ni pakiti katika kila katoni. Kumi: vipande katika kila pakiti. Mia saba: faranga kwa kila kipande. Thelathini na tano: vipande, basi. Ataona mwenyewe kwamba namba hizi ni za aina mbili. Kuna zinazohesabu kitu peke yake, kama katoni 24 na vipande 35, na kuna zinazokuja na neno «kila». Mahali penye «kila», kwa kawaida ndipo kuzidisha kunapongoja. Namba 35 haina «kila» yake, na ndiyo maana haiwezi kuingia katika kundi la zinazozidishwa.

Jambo la pili ni kuianza hesabu kutoka mwisho wake. Watoto wengi huanza na namba ya kwanza wanayoiona kwa sababu ndiyo iliyo karibu na jicho. Mwulize: wanataka nini? Faranga. Ili kupata faranga, unahitaji kujua nini? Vipande vilivyouzwa, na bei ya kimoja. Bei unayo. Vipande vilivyouzwa unavyo? Hapana. Ili kuvipata unahitaji nini? Vipande vyote, ukitoa vilivyolowa. Vipande vyote unavyo? Bado, lakini katoni na pakiti ninazo. Hapo ndipo ashike kalamu, apande kurudi juu kwa njia ile ile aliyoshukia: 24 × 6 ni pakiti 144, 144 × 10 ni vipande 1,440, 1,440 − 35 ni vipande 1,405, 1,405 × 700 ni faranga 983,500. Kila mstari uwe na jina la kitu pembeni. Mstari usio na jina ufutwe, hata kama namba yake ni sahihi. Katika hilo mimi ni mkali, na sijapata kujuta.

Ikiwa bado hayaoni hayo kwenye karatasi, yaweke sakafuni. Jioni moja nilikaa na mpwa wangu, naye yuko mwaka wa tatu, nikampangia mkekani sahani 3, juu ya kila sahani visanduku 2 vya viberiti, na ndani ya kila kisanduku punje 5 za maharagi. Nikamwuliza punje zote ni ngapi. Alifungua kisanduku kimoja, akahesabu tano, akakifunga. Kile cha pili kwenye sahani hiyo hiyo hakukifungua, alikigusa tu kwa kidole na kusema «kumi». Sahani mbili zilizobaki hakuzigusa kabisa. Alizionyesha kwa kidevu, moja baada ya nyingine: «ishirini, thelathini». Hakuwa anahesabu maharagi tena, alikuwa anahesabu sahani. Nikatoa punje 4 nikazifumba kiganjani, nikamwambia kila punje iliyobaki sahanini ninainunua kwa faranga 100. Akafikiri kidogo, akasema 26, kisha 2,600. Hakuwaza hata kidogo kutoa 4 katika 3,000, kwa sababu zile 4 alikuwa anaziona mkononi mwangu, nazo zilikuwa maharagi.

Sasa, kabla binti yako hajaandika jibu la mwisho, akadirie. Katoni 24 ni karibu 25. Kila katoni ina vipande 60. Kwa hiyo vipande vyote ni karibu 1,500, na 1,500 mara 700 ni 1,050,000. Jibu lolote linalozidi hapo lina kasoro, na milioni thelathini na tano lingejikataa lenyewe kabla halijafika kwa mwalimu. Ukadiriaji huu watoto wa Bukavu wanaufahamu kuliko wanavyodhani. Simama karibu na mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sokoni Nyawera, umsikilize mteja anapoomba mafungu 7 ya faranga 1,500. Mwuzaji haandiki chochote. Mawili ni 3,000, sita ni 9,000, na moja juu yake: 10,500, na tayari ananyosha mkono. Hiyo ni hesabu ya hatua tatu, imefanywa kwa muda mfupi kuliko wa kufunga mfuko.

Na akitaka kuhakikisha jibu, asirudie njia ile ile, kwa maana aliyekosea njiani atakosea tena palepale. Apite njia nyingine. Kama sabuni zote zingeuzwa angepata 1,008,000. Zilizolowa zimempotezea 35 × 700, yaani 24,500. Faranga kutoka kwa faranga: 1,008,000 − 24,500 ni 983,500. Njia mbili zimekutana. Mwonyeshe kwamba hii ndiyo hesabu aliyoikaribia mara ya pili. Alibakiza tu kuzigeuza sabuni 35 ziwe faranga kabla ya kuzitoa. Nina hakika atatabasamu.

Kuhusu kumkemea, Mama, sitakuongezea lawama. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za umma kuanzia mwaka wa masomo 2019–2020, madarasa mengi yamejaa, na mwalimu mwenye watoto wengi hivyo hana nafasi ya kukaa na kila daftari akitafuta mtoto alipotelea hatua gani. Anaona jibu, anaweka alama nyekundu, anapita. Kuuliza «hii 35 ni nini?» kumebaki kazi yako, na huhitaji kuwa umesoma sana ili kuifanya.

SWALI: Mwalimu, mimi ni baba wa familia hapa Ibanda. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, na bibi yao anazungumza nao Mashi, lugha ya Washi. Shuleni hesabu zote za mwaka wa tano zinaandikwa kwa Kifaransa. Jirani yangu ananiambia nikimweleza mwanangu hesabu kwa Kiswahili ninamchanganya. Ni kweli?

JIBU: Papa, si kweli, na jirani yako mwambie kwa upole. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazikubali lugha za taifa kama lugha za kufundishia. Mtoto aliyeielewa hesabu kwa Kiswahili ameielewa, na kilichobaki ni kuitambua ikiwa imevaa nguo nyingine.

Ila nguo hizo zina vifungo vyake. Hesabu ya sabuni hapo juu, kitabu cha Kifaransa kingeweza kuiandika hivi: «des savons à 700 francs la pièce», yaani sabuni za faranga 700 kila kipande. Tafuta neno «kila» humo. Halipo. Limejificha ndani ya «la pièce», na kazi yote ya kuzidisha imebebwa na kile kineno kidogo «à» ambacho mtoto anakiruka bila kukiona. Vivyo hivyo «par semaine» (kila juma), «la douzaine» (kila dazeni), «chacun» (kila mmoja). Ningependa mwanao awe na ukurasa mmoja nyuma ya daftari lake ambapo kila anapokutana na neno la namna hiyo analiandika, na mbele yake anaandika «kila». Baada ya miezi miwili hatauhitaji tena.

Kuna pia «3 de plus» na «3 fois plus», ambazo huwaangusha hata wakubwa. Akiwa na mayai 12, «3 de plus» ni mayai matatu zaidi, yaani 15, na «3 fois plus» ni mara tatu, yaani 36. Mwambie azitafsiri kwa Kiswahili kabla ya kuandika tarakimu, kwa sababu neno «mara» halimfichi mtu.

Na kama unataka kumfurahisha, mwonyeshe jambo hili. Sisi Wakongo, kama Wabelgiji, tunasema «septante» (sabini) na «nonante» (tisini), lakini themanini tunaiita «quatre-vingts», maana yake ishirini nne. Akifungua kitabu kilichochapishwa Ufaransa atakuta tisini na saba imeandikwa «quatre-vingt-dix-sept»: nne mara ishirini, jumlisha kumi, jumlisha saba. Namba yenyewe, kabla hujaifanyia chochote, tayari ni hesabu ya hatua tatu. Kiswahili kinasema tisini na saba, na kinakwenda zake.

SWALI: Ninafundisha mwaka wa nne huko Bagira. Wanafunzi wananiuliza kama mpangilio wa kuzidisha unabadilisha jibu. Ninajua haubadilishi, lakini nikiwaambia hivyo wanaanza kuchanganya kila kitu. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, waambie ukweli wote, si nusu yake. Katika kuzidisha peke yake mpangilio haubadilishi jibu, na wakati mwingine kuuchagua kunaokoa jasho. Katoni 24, pakiti 6, vipande 10: anayeanza na 24 × 6 atahitaji karatasi, lakini anayeanza na 6 × 10 anapata 60, kisha 24 × 60 anaifanya kichwani. Mwulize tu, kama kawaida, hiyo 60 ni nini. Ni vipande katika kila katoni. Akiweza kuitaja, ruhusa anayo.

Kutoa na kujumlisha kunapoingia katikati, ruhusa hiyo inaisha. Andika ubaoni (1,440 − 35) × 700, na chini yake 1,440 − 35 × 700. Ya kwanza ni 983,500. Ya pili, kwa kuwa kuzidisha kunatangulia kutoa, inawataka watoe 24,500 katika 1,440, na darasa zima litakwambia haiwezekani. Waache wabishane kwa dakika tano kuhusu mabano yanafanya kazi gani pale. Nimeona darasa likifika lenyewe kwenye jibu, mtoto mmoja akasema mabano ni mfuko: lazima umalize kupanga vya ndani kabla ya kuubeba. Sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa sita, nakaa Panzi. Rafiki yangu ana orodha ya maneno. Ukiona «jumla» unajumlisha, ukiona «baki» unatoa, ukiona «mara» unazidisha. Anasema kwa mtihani wa mwisho inatosha. Naweza kuitumia?

JIBU: Mwanangu, orodha hiyo ninaijua vizuri, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliiandika mimi mwenyewe ubaoni, na watoto wakaishika kama Baba Yetu. Iliwasaidia majuma mawili. Kisha nikawapa hesabu hii: mama ameuza mikungu 30 ya ndizi, amebakiwa na 12, je, asubuhi alikuwa na mingapi? Karibu nusu ya darasa waliona «amebakiwa» wakatoa, wakapata 18, yaani mama alifika sokoni na mikungu michache kuliko aliyoiuza. Nikaifuta orodha siku ile ile.

«Jumla» nayo ni ya hila. «Wanafunzi 45, kila mmoja madaftari 8, madaftari kwa jumla ni mangapi?» Anayefuata orodha ya rafiki yako atajumlisha 45 na 8 apate 53, jibu ambalo si wanafunzi wala madaftari. Jibu ni 360. Soma kinachotokea katika hesabu: nani ana nini, kimeongezeka au kimepungua, kiko mafungu mangapi yanayolingana. Maneno yatakuja yenyewe.

Jaribu hii, nawe umpe rafiki yako pamoja na orodha yake. Unajua wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakatoka usiku na taa ili samaki wafuate mwanga, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki vizuri. Sasa, makundi 5 ya wavuvi, kila kundi likiwa na mitumbwi 3 iliyounganishwa, yalivua kwa mwezi wenye usiku 30. Usiku 7 wa mbalamwezi hawakutoka. Kila usiku waliotoka, kila kundi lilirudi na mabeseni 6 ya sambaza, na kila beseni lilikuwa na kilo 12. Makundi yote pamoja yalivua kilo ngapi mwezi huo?

Niandikie jibu lako, kila mstari ukiwa na jina la kitu pembeni. Katika hesabu hii nimeweka namba moja ambayo haina kazi yoyote. Niambie ni ipi, na kwa nini umeiacha.